Jina Lililobaki Ndotoni

Kwa miaka kumi na mmoja Edinah Kavetsa alilala popote usingizi ulipomkuta. Ulimkuta kanisani akiwa amesimama na kitabu cha nyimbo mkononi. Ulimkuta kwenye foleni ya maji, mtungi ukafurika miguuni pake. Mara nyingi ulimkuta mbele ya cherehani, chini ya dirisha la chumba alichopanga na mumewe mtaa wa Huruma, Eldoret, mguu wake ukiendelea kukanyaga na mwenyewe hayupo, na akizinduka alikuta sketi ya shule ya mtoto wa watu imeshonwa mshono unaopinda huku na huku kama mto Sosiani. Kulikuwa na jambo jingine lililowashangaza watu kuliko usingizi wenyewe. Edinah akichekeshwa sana, magoti yalimlegea, shingo ikalegea, akashuka chini polepole kama nguo iliyoteleza kwenye kamba. Macho yaliona, masikio yalisikia, mwili ndio uliokataa.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ni pombe ya kujificha, wengine wakasema kuna mtu huko kwao Vihiga aliyemtupia kitu. Mumewe, Maurice Shitanda, fundi wa kuchomelea milango na madirisha, hakusema lolote. Alikata vyuma, akavichomelea, akalizungushia jiko la makaa kizuizi ili mkewe akianguka asiangukie moto. Edinah naye alijifunza kutocheka.

Ambalo hakumwambia mtu ni kwamba kwake ukuta kati ya kuwa macho na kulala ulikuwa umekonda sana. Ndoto zilianza kabla hajafumba macho. Mchana kweupe, mvua ya Julai ikipiga mabati, aliona maua ya kitambaa yakiota juu ya meza, yakapanda dirishani, yakatoka nje na kutambaa juu ya paa za jirani. Alisikia ng'ombe wa marehemu babake wakipumua nyuma ya pazia. Na mara nyingi alimwona kijana mrefu amesimama mlangoni, sweta lake la shule limechanika kiwikoni, akiomba ashonewe. Edinah alitaka kunyoosha mkono alipokee lile sweta, na kila mara mkono haukunyanyuka. Kijana alingoja bila hasira, kisha akaondoka zake. Edinah alimjua ni nani. Eldoret nzima hakukuwa na mwingine aliyejua.

Kliniki aliyopelekwa mwishowe ilikuwa jengo la ghorofa mbili katika mtaa wa West Indies, na daktari aliitwa Jerop, mwanamke mwembamba, mdogo kwa Edinah kwa miaka kama saba, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka mgonjwa amalize. Walimlaza Edinah pale kutwa nzima, nyaya nyembamba zimebandikwa kichwani, na mashine ikachora usingizi wake mstari kwa mstari. Halafu Jerop akamketisha, akamweleza. Alisema huu si ule ugonjwa wa kuumwa na mbung'o. Ni ubongo uliochanganya zamu zake, ndoto zinaingia kazini kabla usingizi haujafika, na usingizi unaingia mchana bila kuitwa. Hakuna pombe wala uchawi ndani yake. Dawa ipo, na mpango wa kulala kidogo mara mbili mchana kwa saa maalumu. Edinah alilia mpaka akasinzia palepale kitini. Alipozinduka daktari alikuwa bado yupo.

"Ukilala unaona nini, Mama Linah?" Jerop aliuliza.

Miaka kumi na mmoja watu walikuwa wamemwuliza anakunywa nini na amemkosea nani. Hakuna aliyewahi kumwuliza anaona nini. Edinah akaanza na maua, akaja kwa ng'ombe, na kabla hajajua anakwenda wapi alikuwa ameshafika mlangoni kwa kijana. Alimtaja jina. Lenny. Alimzaa akiwa na miaka kumi na saba, nyumbani kwa mamake, na mtoto aliishi miezi minne tu, kichomi kikamchukua katika wiki moja ya mvua. Baada ya maziko shangazi yake alimleta Eldoret kujifunza kushona, akamwambia aanze upya, na Edinah akaanza upya. Maurice alimpata akiwa msichana asiye na hadithi. Linah alipozaliwa watu wakamwita Mama Linah, jina la kifungua mimba kama ilivyo desturi, na kila alipoitwa hivyo alisikia chini yake jina jingine lisiloitwa na mtu. Jerop aliandika yote, taratibu, bila kumkatiza.

Siku hiyohiyo, karani wa mapokezi alimletea karatasi. Edinah aliikumbuka baadaye kama anavyokumbuka ndoto zake, herufi za Kiingereza zikitembea juu ya ukurasa kama siafu, sauti ya kirafiki ikisema ni ya kusaidia wanafunzi na utafiti, kalamu nzito mkononi. Kisha alikuwa barabarani, na Maurice alikuwa amemshika mkono.

Dawa zilimfaa. Mwaka mmoja ukapita, na dunia ikamrudia vipande vipande. Aliweza kumaliza wimbo kanisani. Alishona sare za shule nzima bila mshono kupinda. Alianza kucheka, kwanza kwa kujaribu, mkono mmoja ukutani, halafu bila ukuta.

Bintiye Linah wakati huo alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha uuguzi mjini. Ijumaa moja alasiri alifika nyumbani bila kutarajiwa, amelowa mvua, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua koti. Edinah alikuwa cherehanini. Alimwuliza kama ameshakula. Linah akaanza kueleza, akiangalia sakafu.

Mwalimu alikuwa amewatumia darasa zima habari za mgonjwa mmoja, kurasa nne kwenye simu, ili wajifunze namna ya kuutambua ugonjwa wa usingizi. Akamchagua Linah azisome kwa sauti, kwa kuwa sauti yake inasikika mpaka nyuma. Linah akasoma. Mwanamke wa miaka thelathini na saba, fundi wa nguo, mhamiaji kutoka magharibi, anaishi chumba cha kupanga, mume ni fundi wa vyuma. Walipofika mahali ambapo mgonjwa huanguka akicheka, darasa lilicheka, na Linah mwenyewe alianza kucheka pamoja nao, mpaka mdomo wake ulipofika kwenye kizuizi cha chuma kilichozungushiwa jiko. Kuanzia hapo alisoma kama mtu anayeteremka mlima na miguu imekataa kusimama. Alisoma maua ya kitambaa. Alisoma ng'ombe. Alisoma kijana na sweta lake.

"Mum," Linah alisema, sasa akimtazama, "Lenny ni nani?"

Cherehani ilisimama. Edinah alihisi magoti yakimlegea ingawa alikuwa ameketi, akaishika meza kwa mikono miwili akangoja mwili umrudie. Mvua ilikuwa imepungua, na kwenye mabati yalibaki matone machache tu, moja moja. Angeweza kusema uongo. Ndoto ni ndoto, angesema, na msichana huyu angetaka kuamini.

"Ni kaka yako," alisema.

Akamweleza yote. Linah alilia kwa namna ya watu wazima, bila sauti. Alisema hakumwambia mtu darasani. Alisingizia koo limekauka, akaketi, mwenzake akamalizia kusoma. Kilichomchoma, alisema, ni kwamba walikuwa wametoa majina yote. Jina la mgonjwa halikuwepo, wala la mtaa, wala la kliniki. La Lenny peke yake ndilo lililobaki.

"Baba anajua?" aliuliza.

"Hajui."

Jumatatu Edinah alikwenda kliniki. Ilikuwa moja ya zile asubuhi za Eldoret ambapo ukungu hushuka mpaka magotini na watu huonekana wakielea, na wanariadha walimpita wawili wawili bila hatua zao kusikika. Hakuwa na uhakika kama alikuwa macho. Alijifinya mkono mara kadhaa. Alipoingia kwa Jerop hakukaa. Alimpa simu ya Linah, kurasa zile nne zikiwa zimefunguliwa, akasimama.

Jerop alisoma mpaka mwisho, ingawa aliziandika mwenyewe.

"Nilizipitia mstari kwa mstari," alisema. "Jina lako nikatoa. Umri nikaupunguza. Mtaa nikautoa. Hili la Lenny nililiona, Mama. Nikajiambia ni jina la ndotoni tu."

"Ni jina la mtoto wangu."

"Ndiyo."

"Nilikuambia siku ileile. Nilikuambia alizikwa."

Jerop aliiweka simu mezani. Edinah alikuwa amekuja na hasira aliyoibeba kwa uangalifu tangu Ijumaa, kama mtu anayebeba sufuria lililojaa, na sasa aliona hajui aiweke wapi, maana huyu ndiye mtu aliyemrudishia mchana wake. Aliomba kuiona ile karatasi aliyotia sahihi. Jerop alitoa faili, akaifungua mezani.

Sahihi ilikuwepo. Herufi ya kwanza ilisimama vizuri. Ya pili ikainama. Zilizofuata ziliteremka, zikavuka mstari, zikaenda zikiishia pembeni mwa karatasi. Edinah aliujua mshono huo. Alikuwa ameufumua kwenye sketi za watoto miaka kumi na mmoja.

"Hapo nilikuwa macho?" aliuliza.

Daktari angeweza kusema ndiyo. Karatasi ilikuwa upande wake, na hakuna ambaye angembishia.

"Hapana," Jerop alisema. "Karani hakujua. Mimi niliiona sahihi hii baadaye, nikaitia kwenye faili. Kama kuna mtu hapa aliyepaswa kujua kuisoma, ni mimi."

Hapo ndipo Edinah alipoketi. Aliuliza ni nani wengine waliopewa, na Jerop hakumficha. Kurasa zile zilikuwa zimekwenda vyuo vitatu. Mistari ya mashine, ile picha ya usingizi wake, ilikuwa imepelekwa kwa watafiti wanaoifundisha kompyuta kuutambua ugonjwa huu mapema, huko bila jina, namba tu. Edinah alijaribu kuuwazia usingizi wake ukiwa mahali asipopajua, ukifunguliwa na watu asiowajua, mlima na bonde, mlima na bonde, na katika mojawapo ya mabonde hayo kijana amesimama mlangoni anangoja.

Jerop alisita, kisha akasema kuna jambo jingine, na halisemi ili ajitetee. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja aliyesoma kurasa zile alikwenda kufanya mazoezi katika kituo cha afya, akakutana na mwanamke aliyekuwa anaitwa mvivu na mlevi miaka mingi. Akakumbuka alichosoma. Mwanamke yule sasa yuko kwenye dawa.

"Ni nani?" Edinah aliuliza upesi. "Ni wa wapi?"

Jerop alifungua mdomo, akaufunga.

"Hilo si langu kukuambia," alisema.

Walitazamana. Edinah alihisi kicheko kikimpanda kutoka tumboni, kicheko kisicho na furaha yoyote, akashika mikono ya kiti kwa tahadhari. Aliinuka akaenda dirishani. Ukungu ulikuwa unapasuka, na kupitia ule mpasuko aliona mti, kisha nusu ya ukuta, kisha mwanamke mmoja aliyesimama kando ya barabara na mtoto mgongoni, kisha ukungu ukafunga tena. Alimfikiria yule mwingine, popote alipo, akianguka kwenye foleni ya maji, watu wakimruka. 

"Usingizi wangu mkae nao," Edinah alisema mwishowe. "Hiyo mistari, na kuanguka kwangu nikicheka. Kama kuna mtu vitamfaa, vimfae. Hicho kizuizi cha jiko ni kazi ya mume wangu, kitoeni. Na mtoto nirudishie."

Jerop alimwambia ukweli kwamba yaliyokwisha kuingia kwenye simu za wanafunzi hawezi kuyarudisha yote. Atakaloweza atalifanya. Alilianza palepale, Edinah akiwa ameketi mbele yake. Alivipigia simu vile vyuo vitatu kimoja baada ya kingine, akasema kosa ni lake, akaomba kurasa zifutwe na kila aliyezipokea aambiwe azifute, mpaka atume nyingine zisizo na mtoto wala kizuizi. Wiki iliyofuata alijipeleka mwenyewe mbele ya wakubwa wake, akaandikiwa barua ya onyo. Fomu ya kliniki nayo ilibadilishwa. Sasa iko kwa Kiswahili, husomwa kwa sauti, na mgonjwa huenda nayo nyumbani, sahihi huitia siku nyingine akirudi. Hayo Edinah aliyasikia baadaye, alipokwenda kuchukua dawa, kwa maana hakuacha kwenda kwa Jerop. Ila siku hizi, akiulizwa anaona nini, hufikiri kwanza.

Lililobaki lilikuwa lake mwenyewe. Linah aliahidi kunyamaza, na Edinah aliona jinsi ahadi hiyo ilivyokuwa ikimlemea msichana mabega. Jumapili, baada ya kanisa, alimpikia Maurice chai, akaketi mbele yake, akamwambia. Alimwambia yote, pamoja na kurasa, darasa na kicheko cha darasa. Maurice alisikiliza, kikombe mkononi, mpaka chai ikafanya utando juu.

"Darasa zima limejua kabla yangu," alisema.

Edinah hakujitetea. Alisema ni kweli, na kwamba angekuwa ameambiwa yeye kwanza miaka yote hiyo kama si woga wake. Maurice alitoka nje akakaa karibu na vyuma vyake bila kuvigusa. Siku tatu alisema yale ya lazima tu, chumvi iko wapi, mlango umefungwa. Edinah alilala saa zake, akaamka, akashona. Wakati mwingine katika siku hizo alihisi kwamba chumba chote kimo ndani ya maji, na wao wawili wanapita wakipeana nafasi, taratibu, nywele na nguo zikielea.

Jumatano, akifunga kamba za viatu, Maurice aliuliza mtoto alikuwa anafanana na nani. Edinah akasema alikuwa na masikio ya nyanya yake, mamake Edinah. Alhamisi akauliza alizikwa wapi. Ijumaa akasema kwamba kesho hana kazi, na kama Edinah anataka, waende.

Walikwenda watatu. Nyumbani kwao Vihiga mama hayuko tena, na boma liko mikononi mwa kaka yake na mkewe, Nabwire, ambaye aliwapokea kwa uji na kuuliza maswali machache. Nabwire ndiye aliyewaonyesha mahali, nyuma ya jiko, kando ya migomba, ardhi imeinuka kidogo tu na kuota majani. Hakukuwa na alama. Maurice aliazima jembe, akavua koti, akapalilia polepole pande zote, na Linah akaokota mawe ya mviringo akayapanga. Edinah aliwatazama akiwa amesimama. Upepo uliposogeza majani ya migomba, kivuli na mwanga vilipita juu ya migongo yao, na hakuhitaji kujifinya.

Saa yake ya kulala ilifika. Alitandika leso aliyojifunga kwenye nyasi, karibu na mawe, akalala, na usingizi ukaja kwa wakati wake. Maurice alihama akakaa upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie usoni.

Mama mmoja wa jirani alipita njiani na mzigo wa kuni kichwani, akasimama. Alisalimia, akamwangalia mwanamke aliyelala chini mchana ule, akayaangalia mawe, akauliza kama mgeni ni mgonjwa.

"Amepumzika," Maurice alisema.

Yule mama alingoja kidogo, akitarajia mengine. Maurice akamwuliza mahindi yake yameendeleaje mwaka huu, na kama mvua imewatosha, wakazungumza hayo kwa sauti ya chini mpaka mama akaridhika, akarekebisha mzigo wake, akaenda.